Nakala Rudufu ya Hifadhidata: Je, Inarejesheka?

Kumbukumbu ambazo zamani zilikaa kwenye daftari sasa zinakaa ndani ya kompyuta. Chama cha akiba na mikopo kinaandika michango ya wanachama wake kwenye programu. Duka la dawa linajua kilichobaki kwenye rafu kwa kutazama skrini. Shule inatunza ada na alama za wanafunzi kwenye mfumo uliofungwa na fundi. Mabadiliko haya yameleta wepesi wa kazi, lakini pia yameleta hatari ya namna mpya. Daftari likiloa huweza kuanikwa, na kurasa kadhaa zikasomeka. Diski ya kompyuta ikiungua, hausalii hata ukurasa mmoja.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kutengeneza nakala rudufu ya hifadhidata na namna ya kuirejesha, kwa kutumia zana huria zinazopatikana bila malipo. Hatukusudii kumfanya kila msomaji awe fundi wa kompyuta. Tunakusudia kumpa kila mwenye hifadhidata, na kila mtu ambaye taarifa zake zimo ndani ya hifadhidata ya mwingine, uwezo wa kuuliza maswali yanayofaa na kutambua jibu lisilotosha. Jambo kuu tunalosisitiza ni moja: nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa isihesabiwe kuwa nakala.

Hifadhidata na programu huria

Hifadhidata ni mkusanyo wa taarifa uliopangwa katika majedwali na kusimamiwa na programu maalumu. Mtumiaji wa kawaida haioni programu hiyo. Anachokiona ni fomu za kujaza na ripoti za kuchapisha. Nyuma yake mara nyingi ipo mojawapo ya programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuuboresha.

Zinazotumika sana ni PostgreSQL, ambayo chimbuko lake ni mradi ulioanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani; MySQL, iliyotoka mwaka 1995; MariaDB, iliyochipuka kutoka MySQL mwaka 2009; na SQLite ya mwaka 2000, ambayo ni ndogo kiasi cha kukaa ndani ya simu. Msomaji anayetumia WhatsApp kwenye simu ya Android tayari ana hifadhidata ya SQLite mfukoni, kwa kuwa humo ndimo ujumbe wake unamohifadhiwa.

Programu huria zina faida mbili kwa habari ya nakala. Kwanza, zana za kutengeneza nakala huja pamoja na programu yenyewe, bila ada ya ziada. Pili, muundo wa nakala unajulikana na wengi, hivyo fundi wa kwanza akihama au akigoma, fundi mwingine anaweza kuifungua. Hata hivyo, programu kuwa huria hakumaanishi kwamba inajilinda yenyewe. Zana zikiwapo bila mtu wa kuzitumia, ni sawa na kutokuwa nazo.

Funzo la GitLab

Yaliyoifika kampuni ya GitLab mwaka 2017 yanaonyesha kwamba tatizo hili haliwahusu wadogo peke yao. GitLab hutoa huduma ya kuhifadhi kazi za waandishi wa programu, na hutumia hifadhidata ya PostgreSQL. Tarehe 31 Januari mwaka huo, wahandisi wake walikuwa wakipambana na hitilafu, na mmoja wao akakusudia kufuta folda kwenye seva ya akiba. Amri hiyo ilitekelezwa kwenye seva kuu. Ilipositishwa baada ya sekunde chache, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki takriban 4.5 tu.

Kampuni ilikuwa imepanga njia tano za kujikinga na upotevu wa namna hiyo. Ilipozigeukia, ilikiri hadharani kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kwa uhakika. Zana ya kutoa nakala ya kila siku ilikuwa ya toleo la 9.2, ilhali hifadhidata ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa sababu hiyo kila jaribio la kutoa nakala lilikatika njiani. Barua pepe za kutoa taarifa ya hitilafu zilikuwa zikikataliwa na seva ya kupokelea barua, kwa hiyo hakuna aliyezisoma. Sehemu ya mtandaoni iliyodhaniwa kuwa na nakala ilikutwa tupu.

Kilichowaokoa ni nakala iliyotengenezwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya tukio, kwa ajili ya shughuli nyingine. Huduma ilirejea baada ya takriban saa 18, na taarifa zilizoingizwa katika zile saa sita zilipotea: miradi na maoni yapatayo 5,000 kwa kila aina, pamoja na akaunti mpya zipatazo 700.

Ikiwa kampuni yenye wahandisi wa kutosha iliamini nakala ambazo hazikuwapo, mwenye duka au katibu wa chama ana sababu zaidi ya kuthibitisha za kwake. GitLab haikukosa zana. Ilichokosa ni mazoea ya kuijaribu nakala kabla ya kuihitaji.

Kwa nini kunakili folda hakutoshi

Watu wengi huamini kwamba kunakili folda ya mfumo na kuibandika kwenye flashi ni kutengeneza nakala rudufu. Kwa picha na barua, jambo hilo linafaa. Kwa hifadhidata inayofanya kazi, linaweza kuleta madhara.

Programu ya hifadhidata haiandiki kila badiliko kwenye diski mahali pake papo hapo. Sehemu ya mabadiliko huwa bado iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta au kwenye faili la muda. Chukulia kwamba mwanachama anatoa shilingi 50,000 wakati folda inanakiliwa. Nakala inaweza kubeba jedwali la salio ambalo fedha zimeshapungua, na jedwali la malipo ambalo bado halina muamala huo. Huenda nakala ya namna hiyo isifunguke kabisa. Ikifunguka, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa itatoa hesabu ya uongo bila kuonyesha dalili yoyote.

Dhana nyingine ya kurekebisha ni ile ya seva pacha, ambayo hupokea kila badiliko linalofanyika kwenye seva kuu. Seva pacha husaidia seva kuu inapoharibika. Haisaidii karani anapofuta orodha ya wanachama kwa bahati mbaya, kwa maana ufutaji huo nao hufika upande wa pili papo hapo. Folda inayojilinganisha na mtandao ina udhaifu uleule.

Zana za kutoa nakala

Kila programu ya hifadhidata ina zana yake ya kutoa nakala kamili bila kusimamisha kazi. Tunazitaja hapa pamoja na mfano wa amri, ambao msomaji anaweza kumwonyesha fundi wake. Katika mifano hii hifadhidata inaitwa michango.

Kwa PostgreSQL, zana ni pg_dump:

pg_dump -Fc -f michango.dump michango

Zana hii ni lazima iwe ya toleo lilelile la hifadhidata au jipya zaidi. Ikiwa ya zamani kuliko hifadhidata, itakataa kazi, kama ilivyotokea GitLab. Aidha, pg_dump haibebi akaunti za watumiaji wa hifadhidata. Hizo hutolewa kwa amri ya pg_dumpall --globals-only.

Kwa MySQL na MariaDB, zana ni mysqldump, ambayo katika matoleo mapya ya MariaDB huitwa mariadb-dump:

mysqldump --single-transaction --routines --events michango > michango.sql

Neno --single-transaction huwezesha nakala kuchukua picha ya wakati mmoja pasipo kufunga majedwali, mradi majedwali yawe ya aina ya InnoDB, ambayo ndiyo ya kawaida siku hizi. Maneno mawili yanayofuata hubeba taratibu na ratiba zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata, ambazo vinginevyo huachwa nje.

Kwa SQLite, amri ni fupi:

sqlite3 michango.db ".backup nakala.db"

Hifadhidata ikiwa kubwa mno kiasi kwamba kutoa nakala nzima kila siku ni mzigo, zipo zana za kunakili mafaili kwa usalama pamoja na kumbukumbu ya mabadiliko, kama vile pg_basebackup kwa PostgreSQL na Mariabackup kwa MariaDB. Matumizi yake yanahitaji fundi mzoefu.

Tunakumbusha pia kwamba mfumo si hifadhidata peke yake. Picha za wanachama, stakabadhi zilizoskaniwa na faili la mipangilio ya programu mara nyingi hukaa nje ya hifadhidata, na zinahitaji kunakiliwa pamoja nayo.

Nakala ngapi, na zikae wapi

Kanuni inayokubalika sana ni ya 3-2-1: taarifa ziwepo mara tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja iwe mbali na jengo. Kompyuta ya ofisini ni ya kwanza. Diski ya nje ni ya pili. Nakala iliyo mtandaoni au nyumbani kwa mweka hazina ni ya tatu. Moto, mafuriko au mwizi akiingia ofisini huchukua vyote vilivyomo, ikiwamo diski iliyowekwa kwenye droo ya meza hiyohiyo.

Diski ya nje isiachwe imechomekwa muda wote. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga pia kila diski vinavyoikuta imeunganishwa.

Kwa nakala ya mtandaoni, zana huria kama restic na BorgBackup zina manufaa mawili. Zinaweza kuzifumba taarifa kwa siri kabla hazijaondoka kwenye kompyuta, na baada ya mara ya kwanza hutuma sehemu zilizobadilika tu, jambo linalopunguza matumizi ya kifurushi cha intaneti. Faida hiyo ya pili hupungua ikiwa faili la nakala limebanwa kabla ya kukabidhiwa zana hizo.

Nakala moja inayofutwa na mpya kila usiku haitoshi. Makosa mengi hugunduliwa kwa kuchelewa: mwanachama aliyefutwa mwezi Machi anaweza kugundua hilo Desemba, siku ya kugawana faida. Utaratibu unaofaa ofisi ndogo ni kutunza nakala za siku 7 zilizopita, za wiki 4 na za miezi 12. Jumla ni nakala 23, na kwa hifadhidata ndogo zote huenea kwenye flashi ya kawaida.

Kabla ya kupanga ratiba, mwenye hifadhidata ajiulize maswali mawili. Je, anaweza kustahimili kupoteza kazi ya muda gani? Na je, anaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani? Chama kinachopokea michango mara moja kwa wiki kinaweza kuridhika na nakala ya siku ya kikao. Duka linalouza kutwa nzima linahitaji nakala ya kila siku kwa uchache.

Kujaribu kurejesha

Tunashauri jaribio la kurejesha lifanywe angalau kila baada ya miezi mitatu, na kila mara mfumo unapoboreshwa au kuhamishwa. Hatua zake ni hizi:

1. Chukua nakala halisi kutoka mahali inapohifadhiwa, hususan ile iliyo mbali na ofisi. Usitengeneze mpya kwa ajili ya jaribio.

2. Tazama ukubwa wa faili. Nakala ya leo ikiwa ndogo kwa mbali kuliko ya wiki iliyopita, pana kasoro. Pale ambapo utoaji wa nakala umeunganishwa na zana ya kubana ya gzip, utoaji ukishindwa bado huzaliwa faili lenye jina zuri na tarehe sahihi, lakini lenye baiti 20 tu na lisilo na chochote ndani. Faili la mysqldump lililokamilika, kwa kawaida huwa na maneno "Dump completed" kwenye mstari wa mwisho; yakikosekana, huenda utoaji ulikatika.

3. Tumia kompyuta nyingine. Usijaribu kurejesha juu ya mfumo unaotumika, kwa kuwa nakala inaweza kufuta taarifa mpya na kuweka za zamani mahali pake.

4. Tengeneza hifadhidata tupu yenye jina tofauti, kisha rejesha. Kwa PostgreSQL, amri ni createdb jaribio, ikifuatiwa na pg_restore -d jaribio michango.dump. Kwa MySQL, baada ya kutengeneza hifadhidata tupu, amri ni mysql jaribio < michango.sql.

5. Linganisha. Idadi ya wanachama ni ileile? Jumla ya michango inafanana na ripoti iliyochapishwa siku ya nakala? Muamala wa mwisho ni wa tarehe ipi?

6. Fungua programu yenyewe na uielekeze kwenye hifadhidata iliyorejeshwa. Toa stakabadhi moja, tafuta jina moja, chapisha ripoti moja.

7. Andika muda uliotumika, jina la aliyefanya jaribio na kasoro zilizoonekana. Karatasi hiyo itunzwe mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuipata na kuifuata.

Hatua ya saba isidharauliwe. Ikiwa ni fundi mmoja tu anayejua namna ya kurejesha, basi usalama wa akiba za watu wote unategemea afya yake na simu yake kupatikana.

Usiri wa nakala

Nakala rudufu ina majina, namba za simu na madeni yaleyale yaliyomo kwenye mfumo. Flashi iliyosahaulika kwenye daladala ni uvujaji wa taarifa sawa na kuvunjwa kwa seva. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na wajibu huo haukomi kwenye kompyuta iliyo mezani.

Kwa hiyo nakala inayotoka nje ya ofisi ifungwe kwa nywila. Zana ya restic hufanya hivyo yenyewe, na GnuPG inaweza kufunga faili moja moja. Lakini nywila ikipotea, hakuna fundi wala kampuni inayoweza kuifungua nakala hiyo. Iandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na itunzwe na watu wawili wanaoaminika, mahali tofauti na nakala yenyewe.

Ikiwa hifadhidata iko kwa mtoa huduma

Wasomaji wengi hawamiliki seva. Wamekodi mfumo kutoka kwa mtoa huduma na wanalipia kwa mwezi. Kulipia huduma hakumwondolei mteja haki ya kujua taarifa zake zinalindwaje. Kabla ya kusaini mkataba, au hata kama umeshasaini, uliza yafuatayo na udai majibu kwa maandishi:

- Nakala hutolewa kila baada ya muda gani, na hutunzwa kwa muda gani?
- Je, ipo nakala nje ya jengo ilipo seva?
- Jaribio la mwisho la kurejesha lilifanywa lini, na lilichukua muda gani?
- Utoaji wa nakala ukishindwa usiku, nani hupata taarifa, na kwa njia gani?
- Je, naweza kupewa nakala ya taarifa zangu katika muundo unaofunguka kwa programu huria?
- Mkataba ukikoma, nitakabidhiwa taarifa zangu ndani ya siku ngapi?

Mtoa huduma makini hatakerwa na maswali haya. Anayejibu swali la tatu kwa kusema kwamba nakala zipo na hazijawahi kuleta shida hajalijibu. Nakala haileti shida mpaka siku inapohitajika.

Mwananchi ambaye si mmiliki wa mfumo bali jina lake limo ndani yake, kama vile mwanachama, mzazi au mgonjwa, naye ana nafasi ya kuuliza. Swali moja kwenye mkutano mkuu wa chama, kwamba je, mmewahi kurejesha nakala, laweza kuwazindua viongozi kabla ya hasara. Aidha, tunamsihi kila mmoja atunze stakabadhi zake za karatasi na ujumbe wa malipo kwenye simu. Kumbukumbu zikipotea, hizo ndizo ushahidi wake.

Taarifa zako zikipotea kwa uzembe wa mtoa huduma, wasilisha lalamiko kwake kwanza, kwa maandishi, ukiambatisha mkataba na ushahidi wa malipo. Asipokujibu au usiporidhika na jibu, lipeleke kwa mamlaka inayosimamia huduma hiyo.

Mwenye hifadhidata naye aanze wiki hii na jambo moja tu: achukue nakala aliyonayo, aende nayo kwenye kompyuta nyingine, na aone kama inafunguka. Ikifunguka, atakuwa na uhakika. Isipofunguka, atakuwa bado na hifadhidata yenyewe na wasaa wa kutengeneza nakala iliyo sahihi.